Vifungo Vinne vya Koti la Babu

Machi 2

Jambo hili sijamwambia mtu: naiba karatasi za Shangazi ili nimchore Shangazi.

Nachukua tano kila siku, kutoka lile kabati la chuma lenye balbu inayowaka mchana kutwa kufukuza unyevu. Nazificha ndani ya gazeti, gazeti ndani ya mkoba, mkoba chini ya mwavuli. Nikifika nyumbani namchora akiwa fisi. Fisi mwenye miwani, mwenye blauzi iliyofungwa kwa pini pale kifungo kilipong'oka, na mwenye meno. Meno nayaacha hadi mwisho, kama mtu anayejibakizia mnofu. Sasa nina kurasa kumi na moja, na kila ukurasa meno yanaongezeka.

Ubaya wenyewe si wizi. Ubaya ni kwamba nafurahi. Nikishamchora nalala fofofo, kama mtoto aliyeshiba.

Machi 3

Mvua. Karatasi zimekwama kwenye mashine mara nne. Shangazi anasema ni mikono yangu.

Machi 6

Nieleze vizuri, maana hata daftari lina haki ya kujua limeingia nyumba gani.

Nimemaliza shule, matokeo bado. Baba ni dereva wa malori, tunamwona mara mbili kwa mwaka, na hizo mara mbili analala. Mama ni fundi cherehani, anashonea sebuleni kwetu. Alisema siwezi kukaa nikikodolea dari mpaka matokeo yatoke, akanipeleka kwa Shangazi, dada yake Baba, mwenye duka la fotokopi. Hakuniuliza. Katika ukoo wetu mimi siulizwi. Hupangiwa.

Kazi yangu ni kutoa kopi, kubana kurasa, kufuta kioo cha mashine na kuzungumza na wateja. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonishinda. Leo mwalimu mmoja alileta mitihani ya darasa zima. Nikamuuliza anataka kopi ngapi, hakusikia. Nikarudia, hakusikia.

"Wewe binti!" Shangazi akapaza sauti kutoka nyuma. "Sauti umeiazimisha au umeiweka rehani? Mteja haumi!"

Mwalimu akacheka. Mimi nikatazama sakafu, na moyoni nikaongeza meno mawili.

Machi 7

Leo, meno matatu.

Machi 11

Kitabu changu cha katuni kinaitwa "Mzee Koti". Ndilo jina nililobandikwa nikiwa na miaka mitano, Babu alipofariki na kuacha koti lake la kahawia limening'inia nyuma ya mlango. Nililivaa siku ya pili baada ya maziko na sikulivua kwa miaka miwili, ila kulala na kuoga. Lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Mikono niliikunja mara nne. Mifukoni nilikuwa na kufuli lisilo na ufunguo, vipande vya chaki, kijiko kilichopinda na konokono mmoja, ambaye alikuwa hai na alitoka akitaka.

Watoto wa mtaani walinipanga mstari kunidhihaki. "Shikamoo, Mzee Koti!" Nami nikawajibu kwa uzito wote: "Marahaba, wanangu. Hamjambo?" Sikuwa nafanya mzaha. Niliona wamelisalimia koti, na koti lilikuwa la Babu, na Babu lazima aitikie. Siku moja mwalimu mkuu naye akajaribu mzaha huohuo mbele ya shule nzima. Nikamwitikia marahaba. Nilisimamishwa juani hadi saa sita, ndani ya koti.

Kuna ukurasa wa Shangazi ninaoupenda kuliko zote. Alikuja kwetu, akanishika mkono akanivuta, akainama akalinusa koti, hapa upande wa bega. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akaniachia na kuingia ndani. Nimemchora fisi ananusa mzoga.

Sura ya mwisho bado. Ni ile siku Shangazi alipolichoma. Asubuhi Mama aliniambia niliache nyumbani lifuliwe, nikaenda shule bila koti kwa mara ya kwanza, nikijihisi nimetoka bila ngozi. Niliporudi nilikuta moshi nyuma ya nyumba. Shangazi alisimama kando ya moto, kiberiti mkononi. "Mimi ndiye niliyelichoma," akasema. "Lia utakavyo." Mama alikuwa mlangoni, ngumi kaibana kifuani. Hakusema kitu. Kwenye picha zangu viputo vya maneno vya Mama huwa vitupu, kwa sababu sikumbuki amewahi kusema lolote la maana.

Sikulia, kwa kumkomoa Shangazi. Nilinyamaza miezi saba. Kweli saba, nina cheti cha daktari. Na sauti iliporudi ilirudi nusu, hiyo ndiyo anayoniulizia mbele ya wateja kama nimeiweka rehani.

Machi 14

Mvua siku ya nne. Shangazi kanituma nimpelekee Mama sketi yake ipindwe upindo. Hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Blauzi ile ya pini ina mwezi wa tatu sasa.

Machi 19

Leo nilidhani nimekufa.

Shangazi alitoka kwenda benki. Nikaona ndiyo nafasi ya kutoa kopi ya ukurasa wa mzoga, maana asili yake imeanza kupata madoa ya unyevu. Badala ya kuuweka juu ya kioo kama mtu mwenye akili, niliuingiza kwenye kilisho cha juu, kile kinachovuta karatasi chenyewe, kwa haraka. Mashine ikaumeza, ikakohoa, ikanyamaza. Nikafungua mlango wa mbele, wa pembeni, wa nyuma. Nilichokiona ni pembe tu ya karatasi, ndani kabisa, na kwenye pembe hiyo meno sita.

Shangazi akarudi. "Umeifanya nini?"

"Imekwama."

"Sema nisikie."

"Imekwama!"

Akampigia simu fundi wa mashine, mzee mmoja mfupi tunayemwita Bisibisi kwa sababu huwa nayo nyuma ya sikio hata akila. Nilisimama kando ya kabati. Bisibisi alipofika akalala chini, akaingiza mkono hadi kwenye kwapa, akavuta. Ukurasa ukatoka umejikunja mikunjo mikunjo. Shangazi alikuwa kaunta anahudumia mtu, hatua tatu tu. Bisibisi akaukunjua taratibu. Akautazama. Akamtazama Shangazi, ile miwani, ile pini. Akautazama tena. Akanitazama mimi.

"Kuna nini humo?" Shangazi akauliza.

"Mnyama," akasema Bisibisi. "Kaingia kutafuta joto." Akautia mfukoni.

Shangazi akasema panya wamezidi, itabidi atafute sumu.

Machi 21

Bisibisi amerudi akidai amesahau kitambaa. Shangazi alipoinama kutafuta, akanirudishia ukurasa, ameunyoosha kwa pasi.

"Zipo nyingine?" akanong'ona.

"Kumi na tatu."

"Zina mwisho?"

"Bado."

"Basi malizia. Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tano kuna maonyesho pale ukumbi wa maktaba, vijana wanauza vitabu walivyotengeneza kwa mikono yao. Nitakuandikisha meza. Siku bosi wako hayupo nitakuja nikuchapie, arobaini hivi." Kisha akaongeza, "Ila binti, nimekaa na mashine miaka thelathini. Kinachokwama hakiko pale karatasi inapoonekana. Huwa kiko nyuma zaidi."

Nilidhani anazungumzia mashine.

Machi 30

Mvua. Fisi sasa ana meno ishirini na nane. Nimefikiria watu wakimsoma ukumbini, wanamcheka, wanamjua. Siku nzima nimekuwa na raha.

Aprili 4



Nilikuwa nachora sura ya mwisho. Nilitaka koti likiwa motoni lionekane kwa karibu: kitambaa, mshono, vifungo. Nikakwama kwenye vifungo. Nilikumbuka ni vikubwa, vya pembe, rangi ya chai ya rangi. Lakini vilikuwa na matundu mawili au manne? Mchoro ukidanganya kwenye kifungo, msomaji hatauamini kwenye moto. Mama alikuwa amekwenda kwa mteja kuchukua vipimo. Nikashusha kopo lake la vifungo kutoka juu ya kabati, nitafute kinachofanana, nikiige.

Nikamwaga kopo lote kitandani. Vya mashati, vya magauni ya harusi, vya sare za shule. Na chini kabisa, vimefungwa pamoja kwa uzi mweusi, vinne vya pembe, rangi ya chai ya rangi. Matundu manne kila kimoja.

Nilijiambia dunia imejaa vifungo. Kisha nikageuza cha tatu. Ukingoni kuna pengo dogo, la jino. Nilikuwa na tabia ya kukitafuna kifungo cha juu mwalimu akiniuliza swali. Nikakitia mdomoni. Pengo likakaa penyewe, palepale kwenye jino la pembeni.

Mama ana msemo wake: nguo huzeeka, kifungo hakizeeki. Hajawahi kutupa hata tambara la kudekia bila kulitoa vifungo kwanza. Ni mkono tu, haufikiri, kama wengine wanavyozima taa wakitoka chumbani. Na Shangazi ni mtu wa pini.

Aliyelichoma koti langu alikaa kwanza akalikata vifungo.

"Liache nyumbani lifuliwe."

Aprili 5

Sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Aprili 6

Mama ameniletea chai, ameweka mkono kwenye paji la uso wangu. Nimetazama ule mkono. Sikuwahi kuuchora. Miaka yote nimechora mkono wa mtu mwingine.

Aprili 7

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kinakushonea nguo zenyewe.

Aprili 9

Sina mdomo wa kuuliza, kwa hiyo nimechora. Ukurasa mmoja, visanduku vitatu. Cha kwanza: fisi kando ya moto, anacheka, kiberiti mkononi. Cha pili: mtoto. Cha tatu: Mama mlangoni, ngumi kifuani, na katikati ya vidole vyake vinachungulia vifungo vinne. Kiputo chake kitupu, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuchora.

Nimeuweka chini ya sindano ya cherehani, nikateremsha mguu wa mashine juu yake, nikaenda kazini.

Aprili 10

Mama kasema mkate umeisha.

Aprili 11

Mama kasema bati linavuja upande wa jikoni.

Aprili 12

Mama hajasema kitu. Cherehani haijalia leo.

Aprili 13

Nimeukuta ukurasa ndani ya mkoba wangu, kazini, nilipokuwa natafuta gazeti la kuficha karatasi. Mama ameandika kwa ile penseli yake ya buluu ya kutia alama vitambaa.

Ndani ya kiputo chake: "Nilikuwa nimeshalitia moto. Wifi alikuja mbio akanipokonya kiberiti."

Juu ya fisi amechora kiputo kingine, kimepinda kama kiazi, maana hajui kuchora. Ndani yake: "Nitamwambia ni mimi. Wewe unaishi naye. Mimi nitachukiwa kwa mbali."

Na pembeni, mshale hadi kwenye meno: "Hakuwa anacheka. Alikuwa analia. Lilikuwa koti la baba yake."

Nilisoma nimesimama nyuma ya kabati, balbu inanichoma bega. Hatua tano kutoka pale Shangazi alikuwa anagombana na mteja aliyetaka picha yake ya pasi ya kusafiria ipunguzwe mashavu. "Mashavu ni yako, mashine inakurudishia tu ulichokuja nacho!" Nikamtazama. Nikatafuta chuki yangu mahali ninapoiweka siku zote, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba chake mwenyewe, na ukuta ulikuwa mtupu.

Usidhani nililainika. Kama unasubiri nilainike, funga daftari.

Nilifika nyumbani nimelowa. Mama alikuwa anashona, hakuinua kichwa.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Mwalimu mkuu alisema koti au shule." Mguu wake ukaendelea kukanyaga. "Wale watoto walikufungia chooni nusu siku. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa mle ndani."

"Watu walikuwa wananisimamisha njiani kuniuliza kama una akili timamu. Wateja wangu, wananipa vipimo huku wananipa pole! Nilitaka siku moja tu, mwanangu, upite njiani bila kutazamwa."

"Hamkuniuliza."

"Ulikuwa na miaka saba."

"Sasa nina kumi na saba, Mama. Mmeniuliza lini?"

Cherehani ikasimama. Sauti yangu ilikuwa imetoka nzima, hata mimi ilinishtua. Mama akashika gurudumu la mashine kama mtu anayeshikilia mlango.

"Ningekwambia," akasema. "Kila mwaka nilisema mwaka huu. Kisha nakuona unavyomtazama wifi, nasema, akinitazama hivyo mimi, nitaishije humu ndani?"

Angalau hilo lilikuwa kweli.

Nataka kuandika hivi, na nitaandika polepole ili nisipasue karatasi. Watu wazima wawili walisimama kando ya moto wakagawana chuki yangu kama wanaokata kitambaa: huku kipande kizima, huku hata kiraka hakuna. Shangazi akabeba, Mama akapona. Na mimi je? Nimechukia miaka kumi mahali nilipoelekezwa. Hata hasira yangu nilipangiwa.

Aprili 14

Alikuwa anamnusa baba yake. Ule ukurasa wa mzoga. Alikuwa anamnusa baba yake.

Aprili 22

Mvua haikatiki. Bisibisi ameuliza kama kitabu kimekwisha. Nimesema fisi ananisumbua. Akasema fisi ndiyo kazi yao.

Siwezi kuchora upya kurasa kumi na nne. Na nikifikiri zaidi, sitaki. Mtoto yule alimwona fisi. Nikimfuta, nitakuwa nami nimempangia mtoto cha kuona. Lakini ukurasa wa mwisho ni wangu mimi wa leo, na leo najua ninachokijua.

Mei 1

Ukurasa wa mwisho nimeuchora mara sita. Mara tano nimeuchana.

Mei 4

Umekubali. Kisanduku cha kwanza: mikono miwili bila uso, inakata vifungo kwa mkasi, taratibu, kimoja kimoja. Cha pili: koti linaungua. Cha tatu: fisi kando ya moto, meno yote yapo, mikono mitupu.

Mei 8

Bisibisi alisema Shangazi hatakuwepo Jumatano, angekuja tuchape. Nimemwambia asije. Nataka kuuona uso wa Shangazi akikisoma.

Mei 10

Mchana, mvua ya kufunga milango. Hakuna mteja. Nikaweka kurasa zote kumi na tano mbele yake kaunta, nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati.

Alilamba kidole, akafunua. "Huyu ni mimi."

"Ndiyo."

"Miwani umeipatia." Akafunua. "Pini pia." Akafunua, akafunua, meno yakizidi, uso wake haukubadilika, alisoma kama anayekagua mitihani ya watu. Kwenye ukurasa wa mzoga akasimama.

"Umenichora nanusa begani," akasema. "Ilikuwa kwapani. Kwapani ndiko alikokuwa amebaki."

Akafika ukurasa wa mwisho. Alikaa nao hadi maji ya paa yakajaza ndoo ya mlangoni na kuanza kumwagika.

"Kiberiti umekisahau."

"Sijakisahau."

"Nilikuwa nimeshika kiberiti. Kichore."

"Hapana, Shangazi."

"Kichore, nakwambia! Msomaji atajuaje nani alichoma?"

"Ulikishika. Hukukiwasha."

Akanitazama juu ya miwani. Ilikuwa mara ya kwanza hajaniambia niseme asikie.

"Mtoto wewe," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "nimekaa na jambo hili miaka kumi. Mama yako analala usingizi kwa sababu yake. Nani kakutuma ulichokonoe?"

"Hakuna aliyenituma. Wala nyie hakuna aliyewatuma. Kitabu ni changu, kiberiti hakimo."

Nilidhani atanipiga. Hata mkono aliuinua. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, pini ikafunguka, akaifunga tena vibaya.

"Kopi ngapi?" akauliza, kwa ile sauti yake ya kaunta.

"Arobaini."

"Pande mbili?"

"Pande mbili."

Akafungua kabati, akatoa rimu nzima kutoka nyuma ya balbu. "Tumia hizi, hazitakwama. Zile tano tano unazobeba kwenye gazeti huwa nazipanga mbele, zilizokauka. Nilikuwa naogopa utachukua za chini zenye unyevu, wino ukatapakaa."

Nilichapa zote arobaini. Mashine haikukwama hata mara moja. Nilikuwa na hasira za kulia: hata wizi wangu haukuwa wangu.

Mei 17

Maonyesho. Mvua ilikatika asubuhi, barabara yote tope.

Meza yangu ilikuwa karibu na mlango, kati ya msichana wa kadi na kijana wa vinyago vya waya. Niliongea na watu wasiopungua ishirini. Sauti ilikauka lakini haikukatika. Kijana mmoja alisoma ukurasa wa shikamoo akacheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akaniangalia akaacha kucheka, akasema, "Pole, Mzee." Nikamwitikia.

Shangazi alikuja na pini yake. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mtoto mdogo aliyekuwa anapekua kitabu alimtazama, akatazama ukurasa, akamtazama tena. "Mama!" akapiga kelele. "Fisi huyu hapa!"

Ukumbi ukageuka. Ningeweza kusema ni hadithi tu. Shangazi akainama mpaka usawa wa yule mtoto, akamwonyesha meno, yote, ya juu na ya chini. Mtoto akapiga ukelele wa raha. Kisha Shangazi akaondoka bila kunitazama, na sijui alikuwa ananisaidia au ananipora tena.

Mama alifika mwisho, watu wakianza kufungasha. Alisimama mlangoni, kama kawaida yake. Nikasema moyoni, akibaki pale sitamwita. Sikumwita. Akakung'uta tope viatuni, akaingia. Akachukua kitabu, akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, akaiangalia ile mikono isiyo na uso na ule mkasi.

"Umekosea," akasema. Hakunong'ona. Msichana wa kadi alisikia. "Nilitumia wembe. Mkasi ungejeruhi kitambaa."

Ungejeruhi kitambaa! Cha koti analokwenda kulichoma! Nilitamani kucheka na nilitamani kupindua meza.

"Nitarekebisha," nikamwambia.

"Rekebisha," akasema. Akakibeba kitabu kwapani, akaenda.

Mei 19

Jua. Karatasi zote zimenyooka. Shangazi amezima balbu ya kabati, kasema masika yamekwisha, tusiunguze umeme bure. Kisha akasema niseme na mteja, nami nikasema, na mteja akasikia.

Bado nina hasira. Naiandika wazi ili usije ukasema mwisho wa kitabu niliwasamehe. Labda ipo siku. Ila hii ya sasa nimeichagua mwenyewe, najua imeanzia wapi na inamhusu nani, na siigawi.

Na kwa kuwa umesoma hadi hapa, nakuachia jambo moja ulibebe. Asubuhi, Mama alipokwenda kununua uzi, nilishusha kopo. Nilikata ule uzi mweusi kwa wembe. Vitatu nimevirudisha chini kabisa, chini ya vile vya sare. Cha nne, chenye pengo la jino, ninacho. Kipo mdomoni sasa hivi ninavyoandika.

Mama ni fundi. Vifungo vyake anavijua hata gizani kwa kupapasa, na siku moja atapapasa akute vitatu. Hatanilaumu mimi kwanza, ataanza kuulizauliza. Akifika kwako, wewe hujui. Hukusoma, hukuona, hujawahi kukutana na mtu yeyote mwenye koti.